Unene wa Barafu

Kumi na moja.
Ndiyo nambari niliyoipata asubuhi ile
kwenye mwalo wa Varesna,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu,
keekee imetoboa, rula imeshuka, maji yamepanda:
sentimita kumi na moja. Mtu kwa miguu, sawa. Gari, thubutu!
Nikaituma, kama kila siku, kwa wenzangu mia mbili na kitu
wanaolizunguka Ziwa Peipsi,
ambao nusu yao sijapata kuwaona sura.

Saa nne ilisomeka thelathini na moja.

Hakuna dirisha lililovunjwa. Hakuna nyayo thelujini.
Mtu fulani, mahali fulani penye joto na kahawa,
aliingia katika hesabu zetu kwa ncha za vidole
akageuza moja kuwa tatu,
hapa tatu, pale tatu,
kama mtoto anayechora masharubu
kwenye picha za ukutani.

Zinovi akaiamini tatu ile. Akawasha gari
kuelekea kisiwani, nyuma magunia sita ya vitunguu.
Alitokea dirishani, hai, akitukana kwa lugha mbili.
Vitunguu vilielea kutwa nzima, rangi ya dhahabu,
juu ya tundu jeusi lenye umbo la gari.

Usiku ule simu hazikulala.
Aivar akamlaumu Taavi, maana nywila ya sote
ilikuwa jina la mbwa wake,
na mbwa huyo huitwa kwa sauti kijiji kizima.
Leelo akasema tufunge kila kitu, turudi kwenye mishumaa.
Mmoja, simtaji, akaandika: ni wale wa ng'ambo ya kanisa,
wenye ndevu na misalaba ya ncha nane.
(Zinovi mwenyewe ni wa huko. Alikuwa bado anatetemeka
ndani ya blanketi la zimamoto.)
Kwa saa nzima hakuna aliyemjibu.
Saa ile naionea haya mpaka leo:
kitu kilikuwa kinapasuka chini ya miguu yetu
na sote tulikisikia.

Kisha Feoktista akabisha mlangoni kwangu.
Miaka themanini na miwili, kompyuta hana,
mkononi daftari la shule lenye jalada la kijani.
Kila asubuhi, kwa penseli, tangu ziwa limchukue mumewe:
unene, upepo, nani kapita, nani karudi.
"Soma," akasema. "Hili wataliingilia wapi?
Itabidi kwanza wanywe chai yangu."

Tukakesha. Mimi nasoma, Taavi anachapa,
macho mekundu, habari ya mbwa hata haitaji.
Alfajiri tukatoka, kila mtu na keekee yake,
na wale waliokuwa majina tu
wakawa mvuke wa pumzi, kofia, mafua,
mtu mrefu kuliko nilivyomdhania.
Tukapigiana simu kutoka mwalo hadi mwalo:
Varesna? Kumi na moja.
Nimesikia kumi na moja.
Kumi na moja.
Kila nambari mara mbili, kama kiapo.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Kwetu huganda; tuliyazoa kwa koleo.

Walikuja wataalamu kutoka Tallinn na vikokotoo vyao,
wakasema huenda mdukuzi ni kijana tu,
hakukusudia mtu azame.
Naamini. Hakujua kwamba nambari hubeba watu.
Nywila sasa ni ndefu kama sala ya mfungo
na Aivar huisahau kila Jumatatu.
Hesabu zimerudi kwenye skrini, safi, zimefungwa kufuli tatu.

Lakini saa moja jioni simu yangu bado hulia.
Ni yule nisiyemtaja.
Husema unene wa upande wake,
halafu hunyamaza, namsikia anavyopumua,
mpaka nimrudishie.