Mdomo Wake

Upepo wa kaskazini-mashariki ulipiga Twillingate siku tatu,
siku ya nne ukachoka,
nikatoka na koleo kufukua gari kwenye theluji.
Chini ya tairi la nyuma, kitu.
Nikadhani ni glavu.
Glavu ikanitazama.

"Ngwini!" akapaza sauti Garnet, mwanangu.
Ngwini haji huku, nikamwambia,
ana bahari yake, kusini kabisa mwa dunia.
"Basi huyu kapotea sana."

Nikampigia simu Bi Hedderson wa makumbusho.
"Mgongo?" Mweusi. "Tumbo?" Jeupe.
"Weusi unaishia wapi?"
Hapo nikababaika. Shingoni,
kama kola iliyovutwa isitoshe kufungwa.
"Mdomo je?"
Ameufumba.
Akacheka hadi laini ikakwaruza.
"Urefu wake, mama. Unene wake."
Mfupi, mnene,
ncha ya penseli iliyochongwa na mtoto.
"Na juu ya jicho?"
Nikainama. Kistari cheupe,
chembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo,
nisingekiona maisha yangu yote
kama mtu asingeniuliza.

Akanitajia jina la Kilatini,
neno lile lile mara mbili,
kama anayemwita mtu asiyesikia.
Nikaliandika nyuma ya risiti ya dizeli.

Baba mkwe, Leander, akatoka na soksi tu miguuni.
Hakuinama. Hakuuliza mgongo wala tumbo.
"Ndege-fahali," akasema.
"Kumi na wawili kwa sufuria moja, miaka ile ya njaa.
Mama aliwanyonyoa hadi vidole vikatoka damu."
Akanyamaza.
"Watamu, lakini."

Fahali! Na anaenea kiganjani,
moyo wake ukinigonga kidole gumba
kwa kasi isiyohesabika.

Usimrushe, alionya Bi Hedderson,
nchi kavu haimpi kuruka. Mpe maji.
Tukashuka gatini na boksi la viatu.
Nilitaka Garnet akione kile kistari,
ila Leander ndiye aliyemtoa,
akamgeuza kidogo, kama mtu asomaye lebo,
akamweka juu ya maji.

Akazama papo hapo.
Garnet akahesabu hadi mia mbili.
Mbali, nje ya ghuba, vikazuka vitone vyeusi,
vitano, au sita,
na hakuna kati yetu aliyeweza kusema ni yupi.

Mzee alikuwa bado na soksi.