Wa Pili Ni Mimi

Bahasha ya kaki, imefungwa uzi wa kushonea kofia.
Ndani picha saba,
na punje za karafuu zilizokwisha ukali.
"Huyo ni ami yangu Suwed,"
akasema shangazi Zuwena,
"alirusha ndege za mabomu, vita vya Mjerumani."
Akaenda zake jikoni kuzima moto.
Nilidhani atarudi amalizie. Alirudi na kahawa.

Nikazipeleka Ruwi, kwa Mathai wa duka la picha.
Akazifuta kwa pamba, polepole,
kama anayemsafisha mtoto masikio,
akazikuza mpaka vumbi likawa changarawe.
Wanaume sita wamejipanga mbele ya ndege,
injini mbili, tumbo wazi.
Nyuma ya picha, kwa herufi za Kiarabu,
Kiswahili cha nyumbani:
*Masira. Jua kali. Maji yana chumvi hata ya chai.
Wa pili ni mimi.*

Nikahesabu. Moja, mbili.
Mrefu, kaptula imenyooshwa pasi,
anacheka meno yote thelathini na mbili.
Nikampenda.
Nikamtia fremu ya dhahabu ya uongo,
nikamweka sebuleni Al-Khuwair, juu ya televisheni.
Miaka kumi na moja wageni wanaambiwa: babu Suwed.
Mwanangu Harith akaitafuta pua ile kwenye kioo,
akaipata.

Nami nikatafuta.
Nilinunua lenzi kwa sonara wa Matrah,
nikaandika barua kwa makumbusho ya mbali.
Wakajibu kwa adabu: jina hilo hatunalo,
pengine liliandikwa kama lilivyosikika.
Nani alisikia? Kwa sikio gani?
Picha ya nne ndiyo iliyosema:
kichumba cha vioo mkiani mwa ndege,
bunduki mbili zimetoka kama pembe za konokono,
na nyuma yake ubeti, wino umekimbia:

*Nimekaa mkiani,
natazama mgongoni,
niendako sikuoni,
nitokako nakujua.*

Kumbe hakurusha chochote.
Alikunjwa mle ndani, magoti kidevuni,
akapelekwa kinyumenyume saa nzima nzima
juu ya maji, akisaka nyambizi.
Sikumwambia shangazi. Alikuwa ameshaanza
kuniita kwa jina la mama yangu.

Ramadhani ya juzi Harith alikuwa akidurusu juzuu,
kidole kinatambaa chini ya mstari.
Niliacha uji ukaungua.
Mkono ulioandika *wa pili*
haukutokea upande niliotokea mimi.

Nikaishusha fremu. Nikahesabu upya,
nikianza kulia.
Moja. Mbili.
Mfupi. Kivuli cha bawa kimemla nusu ya uso,
kidole gumba kimefungwa kitambaa,
na macho, astaghfirullah, macho amefumba:
kamera ilimwahi akipepesa.
Miaka yote hiyo alikuwa pale pale sebuleni
na hakuna aliyempa hata salamu.

Na yule mrefu je?
Hitima ngapi nimemsomea, mtoto wa watu!
Huenda ni Mkristo wa mji wenye theluji,
Fatiha zinamfikia huko aliko,
anazipokea kwa mikono miwili, anashangaa.

Tulivuka na feri kutoka Shanna, mimi na Harith.
Askari langoni alikuwa mpole: huku hakuingiliki.
Tukasimama nje ya seng'enge na upepo wa mchanga,
Harith ameinua picha, analinganisha vilima.
Kimoja kilikaribia kufanana.
"Mama, angejua ni picha, angefumbua."
Nikamfunga vifungo vya koti.

Siku hizi fremu nimeigeuza,
mwandiko mbele, nyuso ukutani.
Wageni wananyanyuka na vikombe vyao, wanainama,
wanauliza ni yupi.
Nawapa lenzi ya sonara.
Nawaambia, igeuzeni mhesabu wenyewe,
ila anzeni kulia.