Ngeli ya Kirusi

Mbu huyu, mbu hawa. Sarufi imempa nafasi
karibu na watu, ng'ombe, nyuki, wenye roho zao.
Kirusi je? Kirusi hiki, virusi hivi:
rafu moja na kisu, kijiko, kiti cha mgonjwa.
Nami niliyefunzwa ngeli na Mwalimu Dzombo pale Tudor
sijasikia kijiko kilichozaa.

Wa leo yuko chini ya hadubini.
Mweusi, miguu ina bangili nyeupe,
mgongoni kinubi cha fedha. Jike;
dume huridhika na utamu wa maua.
Hakungoja usiku wala chandarua. Aliuma saa nne asubuhi,
kisigino, mtu akikuna nazi, Majengo,
ambako bomba halijakohoa siku ya tano
na kila ukumbi una pipa wazi.

Alichomeza hakikutoka siku hiyo.
Kilipenya ukuta wa tumbo, kikaongezeka,
siku nane, siku kumi, hadi kwenye tezi za mate,
na yeye hakuumwa hata kichwa.

Naandika daftarini, ukoo kwa ukoo.
Ukoo wa manjano: homa iliyoupa jina,
na kidingapopo, ndugu wanne wa tumbo moja;
ukipona mmoja, mwingine akija
askari wa damu yako humfananisha na yule wa zamani,
humshika mkono, humpitisha mlangoni.
Ukoo wa joho: chikungunya,
neno la Kimakonde, la kilichopindika.
Bi Nyevu Mwero hajui ukoo wala joho.
Hushuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani,
na magoti yake hulitamka lile neno
silabi kwa silabi.

Nje ya seli ni punje: hakili, hakipumui, hakikui.
Ndani, uzi wake mmoja husomwa kama amri,
na seli hunakili, hunakili, hunakili
mpaka isahau kazi yake.

Jana Umazi, wa mazoezi, aliandika katika ripoti:
"Kirusi ameonekana."
Kalamu nyekundu ilikaa juu ya ile a
muda mrefu kuliko kosa la sarufi linavyostahili.
Nikaifunika.

Jioni nilimpelekea Bi Nyevu kifuniko cha pipa.
Kifuniko hiki. Ngeli ileile.
Akauliza bei.