Kidole Gumba

Kifundo changu cha kushoto hakiaminiki.
Kinaniangusha ngazini, Pipeline, ghorofa ya nne,
daftari la mita za maji mkononi.
Kinaniangusha mchana, kwenye lami tambarare,
mahali ambapo hata jiwe la kusingizia hakuna.
Mara ya mwisho niliangukia beseni la nguo za watu.
Mwenye beseni akaniuliza kama nimekunywa.

Kilianzia Wote, kidato cha pili.
Niliruka wavuni, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu.
Maji ya chumvi, bandeji, siku tatu.
Siku ya nne nikacheza.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
methali hiyo niliiandikia insha nikapata kumi na nane,
mguu umevimba chini ya dawati.

Daktari Wafubwa wa Ngong Road ni mtu wa ufa.
Kano yako, asema, haijakatika, imelegea,
kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi miaka mingi.
Tutaikunja kidogo, tuikaze,
tuishone palepale kwenye mfupa wake wa zamani
kwa nanga mbili ndogo kama punje za mchele.
Chako kibaki chako.
Wiki sita, kisha mazoezi.

Daktari Nyanduko, ng'ambo ya mji, ni wa ukuta.
Kitambaa kilichochanika mara ishirini, aliniambia,
hakishiki uzi.
Yeye angechukua kano nyuma ya goti langu,
atoboe mfupa huku, atoboe kule,
aipitishe kama mshipi kwenye suruali.
Imara zaidi, alisema. Akasita.
Ngumu zaidi pia:
kifundo huenda kikakataa kugeuka panapotakiwa kugeuka,
na goti litajua limeibiwa.

Ipo na njia ya tatu, ya kushona
kisha kulaza utepe juu ya mshono, uulinde.
Bei ya utepe niliisoma mara mbili
nikidhani ni namba ya simu.

Nilirudi kwa Wafubwa na maswali
nimeyaandika nyuma ya fomu ya kazi.
Ipi hudumu?
Akasema zote mbili, kwa wengi.
Wengi, si wote, akaongeza,
na hilo la pili akalitamka taratibu.
Kisha, kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo:
Hebu nyoosha mkono. Kunja kidole gumba.

Nikatabasamu. Mchezo huu ni wangu.
Kwenye matanga, kwenye foleni za benki,
nimenyamazisha vilio vya watoto nao:
kidole gumba kinarudi nyuma, kinarudi,
mpaka kinalala kwenye kigasha kama paka.

Daktari hakucheka.
Akapima viwiko, akapima magoti,
akaandika tarakimu, akaipigia mstari.

Kumbe mimi mzima nimeshonwa kwa uzi mrefu.
Kukaza kano iliyozaliwa imelegea
ni kufunga mzigo wa baiskeli kwa mpira wa tyubu:
utashika leo, labda na kesho,
mpaka shimo la kwanza.
Mtu wa ufa mwenyewe akaniambia fikiria ukuta,
ama ufa na ule utepe.
Hakunihimiza. Alinifungulia mlango,
akanitazama navyotembea.

Jioni nilipanda ngazi za kwetu nimeshika chuma,
kila kidato nikikiuliza kwanza.
Ndinda alikuwa mezani na hesabu zake,
penseli mdomoni, miaka tisa.
Nikamwambia, nyoosha mkono.
Aliujua mchezo. Kidole kikalala kwenye kigasha
bila kulazimishwa,
akacheka, akangoja nicheke.

Niliinama nikamfunga kamba za viatu,
mafundo mawili mawili, nikayavuta,
ingawa tulikuwa ndani,
ingawa ilikuwa saa mbili za usiku
na hakuna aliyekuwa akienda popote.