Kila Kitu

Kaka alipiga simu kutoka Jeddah usiku wa manane,
sauti ikikatika kama ya mtu anayetafuna barafu:
"Mwambieni daktari afanye kila kitu.
Uzeni kiwanja cha Mtwapa. India kuna hospitali.
Kila kitu, umenisikia?"

Nilisikia.
Nilikuwa benchini, wodi ya wanawake, viatu nimevivua,
nikihesabu matone ya dripu
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Daktari Mwakio alinijia bila faili.
Hakusema "tusubiri tuone."
Hakumtwika Mungu mzigo
kabla yeye mwenyewe hajaugusa.
"Ini limechoka," alisema. "Dawa ninazompa sasa
zinamtibu nduguyo, hazimtibu mamako."

Nikapandwa na hasira. Nikamwuliza kama ana mama.
Akaitazama feni ya darini, inazunguka, upepo haitoi.
"Nilikuwa naye, Wundanyi. Nikamleta hapa,
nikamfunga mashine siku kumi na moja
kwa kuwa mimi ni daktari, niliona haya kuacha.
Siku ya kumi na mbili nikakumbuka
sikuwahi kumwuliza ataka nini."

Basi nikaenda kuuliza.
Wataka nini. Neno hilo twaliuliza dukani,
twamwuliza mtoto anayelia;
kulifikisha kitandani kwa Bi Mwanamize
kulinichukua hatua tisa na nusu saa.

Alifumbua jicho moja.
"Niregesheni Kibokoni. Hapa taa hazilali."
Kisha, alipopata pumzi:
"Na Kadzo wa madafu ana deni lake kwangu,
shilingi mia na themanini."

Ngazi zetu ni nyembamba. Tulimpandisha
kwenye kiti cha plastiki, watu wanne,
naye akituonya tusikwaruze ukuta,
chokaa ni ya juzi.

Nesi alileta mofini, akachora mstari kwenye kijiko.
Shangazi aliifunika chupa kwa leso asiione:
"Si ndiyo ya kuulia hiyo?"
Usiku wa tatu, mama alipolala bila kuuma shuka,
ni shangazi aliyeamka saa nane kupima.

Tukaacha kumwambia "utapona."
Yeye ndiye aliyepumua.

Siku ya sita kaka alipiga tena, simu ya picha.
Akaanza: "Lakini kila kitu..."
halafu akaona:
pamba yenye zamzam ikipita midomoni,
Kadzo sakafuni, alikuja kuchukua pesa zake
akabaki kukanda nyayo,
na mwanangu akisoma Yasini, akikosea,
nyanyake akimsahihisha kwa kidole.

"Niweke sikioni mwake," akasema kaka.
Alichomwambia sikukisikia. Nilisikia jibu tu:
"Radhi unayo. Kwani umekula? Umekonda."

Ijumaa alfajiri. Sina la kuongeza hapo.

Kiwanja cha Mtwapa kingali pale na magugu yake.
Daktari Mwakio alikuja bila begi, akaketi mkekani,
akanywa kahawa vikombe vitatu.
Chupani ilibaki dawa ya kina cha kidole,
nesi akaja akaichukua.

Shangazi bado huamka saa nane.