Chaneli Moja

Viljandi, Februari. Theluji imefika magotini pa mlango.
Ukumbini nimesimika flashi tatu:
moja nyuma ya keki, moja dirishani,
ya tatu juu ya stendi ndefu, inawatazama wachezaji kisogoni.
Hakuna waya. Waya huangusha mashangazi.
Kila flashi nimeivisha kipokezi, kidogo kama kiberiti,
na juu ya kamera kimekaa kifyatuo,
jicho lake jekundu likipepesa:
nipo, nipo, nipo.

Nikibonyeza, amri huondoka bila miguu,
hupita juu ya mkate mweusi na dagaa wa Baltiki,
hupita kifuani mwa mchungaji, naye hata hakohoi,
hufika kote kwa pamoja.
Kufumba na kufumbua, tumelimega giza.

Basi saa mbili usiku flashi zikawaka
na kidole changu kiko kwenye glasi.

Nikasema, betri. Nikabadilisha.
Zikawaka tena, nimeinama nafunga kiatu.
Nikasema, baridi; vyombo navyo hupata homa.
Taavet, bwana harusi, akacheka: "Umeajiri shetani?"
Mara ya tatu nikasikia, juu ya dari,
watu wakishangilia
sawia na mwanga wetu.

Nikapanda ngazi.
Kumbe huko juu Bibi Hilja anatimiza miaka tisini,
na mjukuu wake Ander, shati limemchomoka,
ana kamera ya kuazima na kifyatuo pacha wa changu,
chaneli moja, kama kilivyotoka kiwandani.
Nami, miaka kumi na tisa kazini, chaneli moja vilevile,
kwa uvivu tu,
kwa kuwa sikuwahi kudhani yupo mwingine.

Kila nilipowapiga maharusi huku chini
flashi ya Ander ilimwakia bibi,
na bibi, asije akaharibu picha ya mtu,
alitabasamu. Alikuwa akihesabu.
"Ya arobaini na mbili hiyo," akaniambia,
"na kijana hata hajainua kamera.
Siku hizi mnapiga kwa mawazo?"

Ander akahamia chaneli ya saba.
Nikashuka. Tangu hapo mwanga ulinitii
kama mtoto aliyechapwa,
na kazi ikaenda sawa, ikanipwaya.

Jumanne, nyumbani, nakutana na picha ya mia sita na kumi na moja.
Ni ile walsi ya mwanzo. Pazia la kamera nililiacha wazi nusu sekunde
ili mishumaa ichore mistari yake.
Flashi yangu iliwaka: Leelo kifuani kwa Taavet,
macho ameyafumba.
Kabla pazia halijaanguka, juu ya dari Ander akabonyeza,
labda bibi alikuwa akikata keki,
na mwanga wa pili ukamkuta Leelo huyohuyo,
gauni lilelile, mkono uleule begani kwa mumewe,
macho wazi, makubwa,
yanatazama kule yanakotundikwa makoti.
Pale amesimama baba yake, yule aliyesema haji,
theluji mabegani, kofia mkononi.

Mimi sikumwona.
Nililipwa kuona, na sikumwona.
Nimewauliza wawili watatu; hakuna aliyemkaribisha kiti.

Sasa hii ni picha ya nani?
Pazia langu, kidole chake,
na mwenye kuitaka amelala ghorofa ya pili ya nyumba mpya
wala hajui kwamba ipo.

Nimeichapa mara mbili.
Moja nimeitia katika bahasha ya Leelo, peke yake, bila namba.
Nyingine nimempelekea Ander,
na nyuma yake nimeandika kwa penseli:
Hii uliipiga wewe, ukimpiga bibi.

Kifyatuo nimekirudisha kwenye droo.
Chaneli sijabadilisha.