Ghalani, Kabla ya Doria

Lugwisha anafungua kufuli kwa funguo mbili,
moja yake, moja ya serikali,
anatandika gunia la pamba juu ya meza
na kuzilaza tatu, kama muuza sangara:
"Chagua, Nyanjige. Boti ya Maisome haingoji mtu."

Ya kwanza ni gobore. Si yetu, ni kielelezo;
kesi iliisha, mwenyewe hakurudi kuidai.
Mtutu wake ulikuwa chuma cha usukani wa trekta
la chama cha ushirika, enzi za pamba;
fundi wa Nyakaliro aliunyoosha kwa moto.
Ukiinusa, bado ina baruti na samli.
Naipenda, nisiseme uongo. Babu alikuwa na ndugu yake.
Lakini hii haichagui upande wa kulipukia,
na jicho la babu, lile la kulia,
lilizikwa miaka tisa kabla ya babu mwenyewe.

Ya pili ndiyo wanayoitaka vijana wote:
raifo, nyeusi, mafuta mapya, mkanda wa turubai,
risasi tano tumboni, zote zina namba daftarini.
Inafika mbali. Hapo ndipo penye neno.
Msituni kule hakuna mbali:
hatua kumi, majani; hatua kumi na moja, majani.
Magoma aliibeba mwaka juzi, imeshakokiwa,
kidole juu ya kile kichuma chenye usingizi mwepesi.
Saa nane usiku akaona kivuli kimeinama kijitoni.
Akapiga.
Kivuli kikalia kwa Kizinza.

Hakuna aliyemfunga. Maelezo yalijaa kurasa sita.
Siku hizi anauza vocha pale Kahunda,
na ukimwita kwa nyuma hageuki,
anasubiri umzunguke umfikie mbele.

Lugwisha anatazama saa. "Kuna chui, wamesema."
Wamesema. Miaka saba natembea mle,
chui nimemwona mkia.
Kiboko nimemwona mzima, na nilipopiga hewani
alinitazama kama karani wa benki
dakika tano kabla ya kufunga,
akarudi kwenye majani yake.
Chatu alipita na shughuli zake.
Nzohe hukimbia kabla sijakohoa.
Nyuki ndio walionilaza hospitali siku nne,
na nyuki hapigwi risasi.

Waliobaki ni watu.
Wenye misumeno, wenye matanuri ya mkaa,
wenye watoto wanaokaa dawati moja na wangu.

Nachukua ya tatu.
Shotigani ya mtutu mmoja, kitako kimefungwa
kwa mpira wa tairi la baiskeli. Lugwisha anacheka:
"Hiyo ya kufukuzia ngedere?"
Hiyo hiyo.
Ili ipige, sharti kwanza uivunje kiuno,
utafute risasi mfukoni, uitumbukize, uifunge, klak.
Hesabu polepole: sita, saba.
Ndani ya saba mtu anaweza kutaja jina lake.
Ndani ya saba naweza kumjua kwa kikohozi.

Risasi mbili nimeziweka mfuko wa kushoto,
chini ya leso, chini ya karanga,
mahali ambapo mkono wenye haraka
utakutana na karanga kwanza.

Natia sahihi. Namba, tarehe. Hali ya silaha: mbovu kiasi.
Nje ziwa limechafuka kidogo, magugu maji yameziba gati,
mwenye boti anayasukuma kwa kasia akiyatukania mama.
Nimeipakata imekunjika, domo wazi,
upepo unaingia mtutuni upande mmoja
na kutokea kwangu, ubavuni, wa baridi.

Nyuma yangu Lugwisha anapiga kelele mlangoni:
nimesahau tochi.